Tukizima laivu ya mpira, watu watakuja uwanjani? Naomba ushauri kabla ya fainali

Mweka Hazina wa Langoni (Jumatatu usiku)

Assalaam alaykum jamaa. Miaka yote humu nasoma tu na kupita, leo nimekuja na shida yangu.

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya kombe la mtaa hapa Lamu. Mchana niko dukani kwangu, nauza globu, nyaya na soketi, kwa hivyo mwenye lawama na kamati anajua pa kunipata, na wanakuja. Msiniulize niliingiaje kwenye kamati. Niliandika risiti moja ya mipira, mwandiko ukasifiwa, nikashtukia nimekabidhiwa daftari.

Jumamosi tulikuwa na nusu fainali, sisi wa mtaa wa Langoni na watu wa Matondoni. Kiingilio shilingi 50 kwa mtu mzima, 20 kwa mtoto. Tulichapisha tiketi 400 kwa shilingi tatu kila moja. Watoto hatuwapi tiketi, tunawapiga muhuri mkononi. Vishina vya tiketi nilivihesabu mara tatu: mlangoni kwa tochi ya simu, kisha nyumbani, kisha tena baada ya Isha, kana kwamba vitazaana usiku. Ni 131. Watoto 46. Jumla shilingi 7,470.

Haya, matumizi. Refa na washika vibendera 3,500. Boti ya kuwaleta na kuwarudisha Matondoni 3,000. Chokaa 600, maji ya kunywa 500, uchapaji 1,200. Hiyo ni 8,800. Pengo la 1,330 nimeliziba kwa pesa za duka, na mke wangu hajaambiwa, kwa hivyo wanaomjua wanyamaze.

Sasa lililoninyima usingizi ni hili. Dakika ya 63 mshambuliaji wetu akafunga. Watu wakapiga yowe, punda wa nyuma ya goli akakurupuka, yakaisha. Nikakaa tena juu ya kreti langu la soda. Kama umehesabu taratibu mpaka ishirini hivi, nikasikia yowe jengine, kubwa kuliko lile la kwanza, linatoka nje ya ukuta, upande wa barazani. Nikainuka nikidhani tumefunga la pili. Kumbe ni goli lile lile! Kijana wetu mmoja hurusha mechi laivu kwenye Facebook, na laivu huchelewa. Wale wako hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu, wameinamia simu wanatazama mpira ambao wakinyamaza kidogo wanausikia kwa masikio yao. Nilichungulia ile laivu: watu 380 kwa wakati mmoja. Mmoja ameandika "golikipa amesimama vibaya". Namjua. Kibarazani alipokaa napaona kutoka mlangoni.

Jana kamati ikakutana. Mjumbe mmoja, mtu wa kusoma sana mitandaoni, akasema Marekani wana dawa ya jambo hili: tiketi zisipoisha siku tatu kabla ya mechi, televisheni za mji ule haziruhusiwi kuionyesha. Wenyewe wanaiita blakauti. Akataka tufanye vivyo hivyo kwa fainali ya Jumamosi hii: mpaka Jumatano saa kumi jioni tiketi zikiwa hazijaisha, kijana akunje kamera yake. Akaongeza kwamba ukumbi wa video ulio karibu na uwanja nao uombwe ufunge, maana kipindi chetu cha pili ndio saa kumi na moja, na mechi za Uingereza zinaanza saa hiyo hiyo.

Wengine wakapiga makofi. Mimi nikasema nipeni siku mbili niulize. Kweli Marekani wanafanya hivyo? Na watu walikuja uwanjani?

---

Punda Hana Pembe

Mmekosa 1,330 mnataka kuuzimia mji simu? Anzeni na ule mwanya wa makuti nyuma ya goli la kusini. Mimi sijawahi kulipa tangu kombe hili lianze.

---

Mweka Hazina wa Langoni

Nitakukumbuka.

---

Mwamu wa Ohio

Waalaykum salaam, ami. Mjumbe wenu hakudanganya, ila habari aliyowaletea ni ya marehemu. Niwaeleze, maana nimeishi nayo.

Si kandanda letu, ni ule mpira wao wa kubeba mkononi, ligi yao inaitwa NFL. Mimi wakati ule nilikuwa Cincinnati, nafanya kazi ghalani, na timu ya pale, Bengals, ilikuwa haijazi uwanja. Viti ni zaidi ya 65,000. Kanuni ilikuwa hivi: tiketi zisipokwisha saa 72 kabla ya mechi, hakuna stesheni ya televisheni ndani ya maili 75, yaani karibu kilomita 120, itakayoionyesha. Mechi ni Jumapili saa saba mchana, kwa hivyo hukumu hutoka Alhamisi saa saba mchana, wakati wetu wa chakula. Msimu wa 2011 nakumbuka tumekaa na sahani zetu, habari za mji zinasema bado kuna maelfu ya tiketi. Mzee mmoja wa kuendesha forklifti anatukana kwa sauti ndogo. Jumapili ukiwasha televisheni unakuta mechi ya miji mingine, ya watu usiowajua. Ilitokea mara kadhaa msimu ule, na timu ilikuwa nzuri tu, iliingia mchujo wa kuwania ubingwa.

Lakini redio haikuzimwa. Huyo mzee alikuwa na redio ndogo ya betri, na Jumapili za zamu tuliisikiliza pale katikati ya maboksi.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Kabla ya 1973 hata uwanja ujae mpaka juu, mechi ya nyumbani haionyeshwi nyumbani, basi. Mashabiki wa New York Giants walikuwa wakiendesha magari mpaka jimbo la Connecticut, wanakodi vyumba vya moteli kule nje ya duara ili watazame mechi inayochezwa mjini kwao. Ni kama watu wa Langoni wapande boti waende Mokowe kutazama mpira wa Langoni. Hata ile Super Bowl, yaani fainali yao, ya kwanza kabisa, tarehe 15 Januari 1967, ilichezwa Los Angeles na maelfu ya viti vitupu, mitandao miwili mikubwa ya televisheni ikaionyesha nchi nzima, CBS na NBC, na watu wa Los Angeles hawakuiona. Mwisho wa 1972 timu ya Washington iliingia mchujo, Rais Nixon mwenyewe akataka watu wa mji ule waruhusiwe kuiona. Kamishna wa ligi, Pete Rozelle, akamkatalia. Rais! Mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria, na hapo ndipo zilipotoka hizo saa 72: tiketi zikiisha mapema, huna ruhusa ya kuzima. Sheria yenyewe ilikwisha muda wake, ligi ikaendelea na kanuni ile kwa hiari yake kwa miaka karibu arubaini.

Sasa swali lako, je, watu walikuja? Ngoja nikwambie walichofanya wenye timu, ndipo utajua. Jacksonville mwaka 2005 walifunika viti karibu 10,000 kwa turubai, ili visihesabiwe kuwa ni viti. Timu nyengine zilijinunulia zenyewe tiketi zilizobaki, kwa bei ya kutupa, senti 34 kwa kila dola. Januari 2014 mechi tatu za mchujo zilikaribia kuzimwa, Cincinnati yetu ikiwemo, makampuni ya miji hiyo yakatoa pesa yakanunua zilizobaki. Mwaka 2012 ligi ikalegeza, timu ikitaka inaweza kuhesabu asilimia 85 kuwa imejaa. Ukiona kanuni inahitaji turubai, ujue haileti watu.

Wanauchumi wa michezo waliiambia tume ya mawasiliano ya serikali, FCC, kwamba hawaoni ushahidi kuwa kuzima kunajaza viti. Tarehe 30 Septemba 2014 tume ikapiga kura, watano kwa sifuri, ikafuta kanuni yake iliyokuwa ikiunga mkono kuzima huko. Msimu wa 2015 ligi nayo ikaacha kuzima. Kufikia hapo ilikuwa imebaki jina tu, kwani msimu wa 2013 zilizimwa mechi mbili kati ya 256.

Na tofauti yenu na wao, ami, ni hii. NFL pesa yao iko kwenye televisheni, mabilioni ya dola, mlangoni ni za juu yake. Nyinyi mlango ndio kila kitu, na hiyo laivu haiwaletei hata ndururu. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wale 380. Huku ilikuwa asubuhi, nimeweka simu juu ya sinki naosha vyombo. Ungeniomba dola mbili ningetoa. Hamkuniomba.

---

Mweka Hazina wa Langoni

Mwanangu, Mungu akupe umri. Hiyo ya turubai nimemsomea mke wangu akacheka mpaka akaja kuniuliza kombe hili linagharimu nini hasa. Nikabadilisha mazungumzo.

Hizo saa 72 nimezifikiria. Kwetu hapa mtu hanunui tiketi ya mpira Jumatano. Hata mchezaji hujui kama atacheza mpaka umwone amevaa soksi. Nikisema zisipokwisha Jumatano tunazima, basi nimeshazima tayari.

Nimekumbuka jengine. Mwaka huo wa 2014, wao wanapiga kura yao, sisi Lamu tulikuwa ndani ya kafyu. Saa kumi na mbili u nusu za jioni kila mtu nyumbani kwake. Miezi ile mpira wa usiku kwenye kumbi za video ulikufa kabisa. Na hakuna aliyekwenda uwanjani kwa sababu hiyo. Tulilala mapema tu.

---

Niko Leicester

Salamu kutoka kwenye mvua. Naona mmeongelea Marekani mkasahau Uingereza, na hapo ndipo penye hoja yenu ya pili, ya ukumbi wa video.

Huku Jumamosi, kuanzia saa nane na dakika 45 mchana mpaka saa kumi na moja na robo, televisheni haziruhusiwi kuonyesha mpira laivu. Haijali uwanja umejaa au mtupu. Ni tangu miaka ya sitini, mwenyekiti wa Burnley, Bob Lord, ndiye aliyeishikilia bango: ukionyesha Manchester United kwenye televisheni saa tisa, nani atakwenda kutazama timu ndogo ya mtaani kwake? Kwa hiyo mechi za saa tisa, sisi tulio huku hatuzioni. Nyinyi mnaziona.

Tarehe 8 Agosti 2015, siku ya kwanza ya ule msimu wetu wa ubingwa, Leicester 4, Sunderland 2. Mimi niko Leicester hapa hapa, sina tiketi, nimekaa jikoni na redio. Mpwa wangu yuko Lamu ukumbini kwa shilingi 30, saa kumi na moja za kwenu, anaiona safi. Alinipigia video akaigeuza simu kwenye skrini. Nilichoona ni kisogo cha mtu na feni. Mahrez kafunga mawili, nimehadithiwa na feni.

Waliiondoa kanuni hiyo kwa muda 2020, wakati wa korona, viwanja vilipofungwa. Watu waliporudi, nayo ikarudi. Timu ndogo za huku zinaililia, na mimi nikisimama kwenye uwanja wa timu yetu ndogo ya mtaa, watu mia tatu na chai mkononi, siwezi kusema hawana haki. Ile ya Wamarekani ilikuwa ya kumwadhibu mtu ambaye hakununua. Hii angalau inamlinda mdogo. Lakini ami, mwenye ukumbi wa video ukimwambia afunge Jumamosi saa kumi na moja, saa yake pekee ya kupata unga, utamlipa nini?

---

Mweka Hazina wa Langoni

Nilikwenda kwake leo baada ya Alasiri kabla sijasoma haya yako. Hata sikumaliza. Aliniuliza, "Nikufungie mimi, na wewe siku ya Arsenal na Chelsea utafunga duka?" Halafu akanunua soketi mbili, akaomba apunguziwe. Nikampunguzia.

---

Mama Mahamri wa Mlangoni

Mimi siandiki humu lakini mwanangu kaniletea simu. Hao wanaume wanabishana Marekani na Uingereza, hakuna aliyeuliza anayekaa pale.

Mimi nauza mahamri na viazi karai hapo mlangoni tangu kombe hili lianze. Nawaona wanaoingia, na wanaofika wakachungulia wakarudi nawaona pia. Wanaorudi ni wanawake na wazee. Wanarudi kwa nini? Hakuna pa kukaa. Upande wenye nafasi ni ule ambao saa kumi jua linakupiga usoni kama taa ya gari. Upande wa pili, wenye jua mgongoni, vijana wamesimama wameubana, wanapiga kelele maneno ambayo sitaki binti yangu ayasikie. Shemeji yangu alikuja nusu fainali na shilingi 50 yake mkononi. Aliangalia, akanunua viazi vya 40, akaenda kutazama kwa simu ya jirani. Mkizima simu hatakuja uwanjani. Atakaa kwake afue.

Wekeni mikeka na kivuli. Ile habari ya turubai la kufunikia viti imenishangaza, watu wana turubai la ukubwa huo na hawalitumii kwa kivuli.

---

Kijana wa Laivu

Nimeona jina langu linatembea, acha niseme.

Kwanza, hakuna aliyenilipa. Stendi ya simu nimeunda mwenyewe kwa bomba la maji. Bando la mechi moja ni kama shilingi 300, natoa mfukoni. Nikiomba niingie bila kiingilio, jamaa wa mlangoni (simtaji, yuko humu) ananikata 50 kama wengine. Kwa hivyo kati ya zile tiketi 131 moja ni yangu. Naomba ihesabiwe.

Pili, ukurasa unaniambia watazamaji wanatoka wapi. Wa Lamu ni wachache kuliko mnavyodhani, kama robo. Waliobaki ni Mombasa, Malindi, Nairobi, halafu Muscat, Dubai, Jeddah. Kuna mmoja ni baharia, huandika "niko Bahari ya Sham, salamu Langoni" kila mechi. Huyo mkizima atanunua tiketi Jumatano?

Tatu, mkitaka nizime nitazima, uwanja ni wenu. Lakini mama yake beki wetu wa kulia yuko Oman anafanya kazi za nyumba, hajamwona mwanawe miaka minne ila kwa laivu yangu. Dakika za mwisho nilimfuata yeye tu na kamera, nikakosa kona. Watu wakanitukana kwenye komenti. Sikuwajibu.

---

Mweka Hazina wa Langoni

Kijana, nilikuwa sijui habari ya bando wala ya huyo mama. Shilingi 50 yako nitakurudishia, njoo dukani, na usimwambie Punda Hana Pembe.

Mjumbe wa saa 72 kanipigia simu, anasema nimeuza siri za kamati. Siri gani? Kikao tulifanyia barazani.

---

Mzee wa Mkomani

Mimi ni mtu mzima, naandikiwa na mjukuu. Zamani ikiwa kuna mpira, mtu hupita ndiani na ngoma akinena leo alasiri kuna mpira, Langoni na Mkomani, na watu huya. Sasa habari mwaiweka ndani ya simu, kisha mwangoya watu waye. Hiyo nusu fainali mimi nalisikia yowe tu, mara ya kwanda na mara ya pili. Nalidhani ni harusi. Sikuyua kuna mpira.

---

Punda Hana Pembe

Mzee ndiye mtu wa kwanza humu kutoa ushauri wa bure. Spika ninayo, na punda wa kuibeba ninaye. Mnilipe 400.

---

Mweka Hazina wa Langoni (Jumapili usiku)

Narudi na hesabu.

Hatukuzima. Jumatano kamati ilipiga kura, wanne kwa watatu, na mimi ndiye nilikuwa wa nne, kwa hivyo lawama zikija mnajua duka liko wapi.

Ijumaa na Jumamosi Punda Hana Pembe alizunguka na spika yake kutoka Mkomani mpaka mwisho wa Langoni. Kwenye vile vichochoro punda na spika havipishani na mtu, kwa hivyo kila aliyekutana naye ilibidi asimame ubavuni mwa ukuta asikilize mpaka mwisho. Alipita mara mbili chini ya dirisha la Mzee wa Mkomani, na mara ya pili nasikia alimwagiwa maji, lakini si na mzee.

Turubai tuliazima kwa watu wa harusi, lile kubwa la bluu. Vijana tuliwahamisha upande wa jua, walilalamika, wakavaa kofia. Upande wa jua mgongoni tukatandika majamvi kumi na mbili. Mama Mahamri akasimama pale mwanzo wa majamvi na kijiko chake cha karai mkononi, na kijana mwenye mdomo mchafu alimwona akageuka. Nilihesabu wanawake waliokaa: 57. Nusu fainali sikuwa nimewahesabu kwa sababu hawakuwepo wa kuhesabu.

Ule mwanya wa makuti nyuma ya goli la kusini umezibwa na mwenyewe aliyeutoboa. Hiyo ilikuwa sehemu ya mapatano ya zile 400.

Kijana wa Laivu aliingia bure, na kabla ya mpira kuanza akasoma matangazo ya maduka mawili na boti moja ya Mokowe, shilingi 500 kila mmoja. Mia tano akachukua yeye kwa bando, elfu moja ikaja kwangu. Halafu mapumzikoni akaweka namba ya M-Pesa ya kamati kwenye skrini, akasema kwa aibu sana kwamba anayeona vyema achangie chokaa. Simu yangu ikaanza kulia mfukoni. Shilingi 100, 200, 50, moja ya elfu moja ambayo ilikuja na salamu za "mama wa namba mbili", yaani wa beki wetu wa kulia. Jumla 4,200. Mwamu wa Ohio, yako imefika, na ile salamu ya vyombo nimeifahamu.

Mlangoni: tiketi 209, yaani 10,450. Watoto 88, yaani 1,760. Ongeza elfu moja ya matangazo na 4,200 ya M-Pesa, tuna 17,410. Refa na vibendera 3,500, boti 3,000, chokaa 600, maji 500, punda na spika 400. Imebaki 9,410. Nimejilipa zile 1,330 zangu, risiti ipo. Kwenye kasha kuna 8,080. Tiketi 60 zimebaki, tutazitumia msimu ujao, hazina tarehe.

Msiniulize ni lipi lililowaleta, turubai, punda, au ni kwa kuwa ilikuwa fainali. Mjumbe wa saa 72 anasema ni fainali. Yeye mwenyewe hakuonekana uwanjani. Alikuwa na mgeni, na huyo mgeni nasikia alikuwa anacheza Arsenal.

Tumefungwa 2-1. Goli letu lilishangiliwa mara mbili kama kawaida, mara moja ndani, mara moja nje. La nje safari hii lilikuwa dogo, lakini lilikuwepo. Yule wa "golikipa amesimama vibaya" nilimwangalia nikiwa mlangoni. Yuko kibarazani pale pale, simu mkononi. Aliniinulia mkono. Nami nikamwinulia.

Jambo la mwisho. Turubai la bluu halijarudi. Liliondoka mlangoni Jumamosi baada ya Maghribi kwenye mkokoteni ambao kila mtu anasema ni wa mwengine. Ni la watu, lina harusi Alhamisi, na limeandikwa pembeni kwa rangi nyekundu. Aliyelichukua alilete dukani, hata usiku, ataacha mlangoni, simuulizi kitu.